Kerneli ya Linux na systemd: nani anamtegemea nani?

Mwalo_Kibirizi, Kigoma

Wakuu, habari za kazi.

Tunaandaa vikompyuta vya kurekodi uzito wa dagaa kwenye mialo ya ziwa, tukianzia Kibirizi. Mashine ni za zamani, biti 64, RAM kati ya MB 512 na GB 1, na umeme wa kule unaweza kukatika wakati wowote, hata katikati ya kuandika data. Mpango ni mfumo mzima ukae kwenye RAM, diski ibaki na data peke yake. Kwa sababu hiyo tunataka kitu chepesi: kerneli (kiini cha mfumo endeshi), BusyBox (programu moja ndogo yenye amri zote za msingi) na programu yetu ya mizani, basi.

Mabishano yakaanzia hapo. Upande mmoja unasema kerneli za siku hizi haziwaki bila systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma nyingine kwenye Linux nyingi), kwa hiyo tuchukue distro kubwa, yaani Linux iliyofungashwa kamili, tuipunguze. Upande mwingine unasema hilo si kweli, na hata kama lingekuwa kweli lingekuwa kosa, kwa sababu kerneli huria haipaswi kufungwa kwenye programu moja ya mtu mmoja.

Naomba mnisaidie yote mawili. Je, kerneli inategemea programu fulani ili iwake? Na je, inafaa itegemee? Ukijibu weka na namna ya kuhakikisha, maana maneno matupu tumeshayachoka.

Ipuli_Kompyuta, Tabora

Mwangaluka wakuu. La kwanza ni rahisi: si kweli. Kerneli haijui systemd ni nini. Inachotafuta mwisho wa kuwaka ni faili moja tu linaloweza kuendeshwa, na utaratibu wake umeandikwa wazi ndani ya `init/main.c`. Kama kuna initramfs (furushi la faili linalofunguliwa kwenye RAM wakati wa kuwaka) yenye `/init`, hilo ndilo linaanzishwa (ukitaka jina jingine unatumia `rdinit=`). Kama halipo, kerneli inapachika diski ya mzizi, kisha inaangalia kama umeandika `init=` kwenye mstari wa kuwashia. Hapo pana mtego: ukiandika `init=` na faili hilo likagoma, kerneli haitafuti kwingine, inasimama na `Requested init ... failed`. Usipoandika kitu, inajaribu kwa zamu `/sbin/init`, `/etc/init`, `/bin/init`, na mwisho `/bin/sh`. Yote yakikosekana ndipo unapoona `No working init found`.

Faili hilo likishaanza linakuwa mchakato namba 1. Kerneli inamdai mambo mawili tu: asife, na awazike michakato yatima inayokabidhiwa kwake. Asipofanya la pili, zombi wanajaa polepole hadi nambari za michakato zinakwisha. Akishindwa la kwanza, kerneli inakata palepale: `Attempted to kill init!`. Yeyote anayetimiza hayo mawili anafaa, iwe systemd, BusyBox, hati ya shell au programu yako ya C ya mistari ishirini.

Android inatumia kerneli ya Linux ikiwa na init yake yenyewe na maktaba yake ya C, Bionic. OpenWrt ya kwenye ruta inatumia procd. Alpine inatumia BusyBox na OpenRC. Kerneli ni ileile.

Sasa jaribio. Linafanyika kwenye kompyuta yoyote yenye QEMU (programu inayoigiza kompyuta), hakuna mashine ya kuharibu.

Ndani ya chanzo cha kerneli:

```
make x86_64_defconfig
make -j4 bzImage
```

Msianze na `make tinyconfig`. Inavutia kwa udogo, lakini inazima karibu kila kitu: 64BIT, BINFMT_ELF, BINFMT_SCRIPT, PRINTK, TTY, BLK_DEV_INITRD. Utapata kerneli inayofanya kazi sawasawa huku haisemi neno wala haijui faili la ELF (muundo wa kawaida wa programu za Linux) ni nini. Punguzeni baadaye, kimoja kimoja, mkishakuwa na kitu kinachowaka.

Ndani ya chanzo cha BusyBox: `make defconfig`, kisha hariri `.config` uweke `CONFIG_STATIC=y`, halafu `make` na `make install`. Kama vichwa vya kerneli kwenye kompyuta yako ni vya 6.8 kwenda juu na BusyBox ni ya 1.36, ukompailishaji utakwama kwenye `networking/tc.c`, kwa sababu sehemu ya CBQ iliondolewa kwenye vichwa hivyo. Zima `CONFIG_TC`, hamuihitaji kwenye mizani.

Matokeo yako kwenye folda `_install`. Ingia humo:

```
mkdir -p proc sys dev
cat > init <<'MWISHO'
#!/bin/sh
mount -t proc proc /proc
mount -t sysfs sysfs /sys
mount -t devtmpfs devtmpfs /dev
exec /bin/sh
MWISHO
chmod +x init
find . | cpio -o -H newc | gzip > ../ramfs.gz
```

Rudi folda moja nyuma, kisha:

```
qemu-system-x86_64 -m 256 -kernel bzImage \
  -initrd ramfs.gz -append "console=ttyS0" -nographic
```

(Kwenye `-kernel` weka njia kamili; faili liko `arch/x86/boot/bzImage`.) Utaona shell inalalamika kwamba haina tty ya kudhibiti kazi. Hilo halina madhara. Andika `ps`, angalia namba 1 ni nani. Kisha andika `exit` uone kerneli inavyokufa na `exitcode=0x00000000`. Hapo umeshuhudia mkataba wote kati ya kerneli na programu ya kwanza, na systemd haimo hata kwa jina.

Yatakayokwama, na sababu zake:

Ukisahau `-H newc`, kerneli haiitambui picha ile ya `ramfs.gz`, inaiacha na kwenda kutafuta diski: `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Utapata ujumbe huohuo kama uliendesha `find` ukiwa folda ya juu, kwa kuwa `/init` inakuwa `_install/init`.

`Failed to execute /init (error -2)` inachanganya wengi, kwa sababu faili wanaliona lipo. Kinachokosekana ni mkalimani wake. Kama ni hati, `/bin/sh` haipo. Kama ni programu isiyo tuli, kipakiaji cha maktaba, yaani `ld-linux`, hakipo ndani ya picha. Ndiyo maana ya `CONFIG_STATIC`.

Namba -8 ni kerneli kukosa uwezo wa kusoma aina ya faili, mara nyingi BINFMT_ELF au BINFMT_SCRIPT imezimwa. Namba -13 ni kusahau `chmod +x`; na hapo kwa picha hii hamtaona kifo, kerneli itaendelea hadi `/sbin/init` ya BusyBox, nayo itaanza kulia `can't open /dev/tty2` kwa kuwa `/dev` haijapachikwa. Mkiona kilio hicho msiguse `/dev`, rudini kwenye ruhusa za `/init`.

Ujiji_Seva, Kigoma

Nakubaliana na mkuu wa Ipuli kuhusu kuwaka. Ila tusimwambie mwenye swali kwamba kerneli haitegemei kitu chochote upande wa mtumiaji, maana hapo tutakuwa tumemficha nusu ya habari. Kerneli ina sehemu kadhaa ambako yenyewe ndiyo inayoita programu ya nje, na mtu anayejenga mfumo mdogo lazima azijue, vinginevyo atakutana nazo Kibirizi badala ya mezani.

Kubwa kuliko zote ni `modprobe`. Kerneli ikihitaji moduli (kipande cha kerneli kinachopakiwa kikihitajika), mathalani umepachika diski ya aina ambayo haijapakiwa, inaanzisha programu iliyotajwa kwenye `/proc/sys/kernel/modprobe`, kwa kawaida `/sbin/modprobe`. Isipokuwepo, ombi linarudi na kosa na kazi nyingine zinaendelea. Joto likipita kikomo, inajaribu kuzima kwa utaratibu kupitia `/proc/sys/kernel/poweroff_cmd`, ambayo ni `/sbin/poweroff`. Ikishindwa inazima yenyewe kwa nguvu. Programu ikianguka na `core_pattern` ikaanza na alama ya bomba, inaita programu iliyoandikwa hapo. Mfumo wa funguo unaita `/sbin/request-key`.

Tazameni zinavyofanana. Karibu zote zina njia unayoweza kubadilisha (ya `request-key` imeandikwa moja kwa moja ndani ya kerneli), hakuna hata moja inayouliza wewe ni systemd au nani, na ikikosekana kerneli haigandi. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Kerneli kuomba msaada nje si dhambi. Dhambi ni kuganda kwa sababu msaidizi mmoja mahususi hakuitika.

Na hilo la kuganda si la kufikirika. Zamani fimwea ya vifaa (programu inayoendeshwa ndani ya kifaa chenyewe) ilipakiwa hivi: dereva (msimbo wa kerneli unaoendesha kifaa) anaomba, kerneli inatuma tangazo, udev (msimamizi wa vifaa, sehemu ya systemd) analipokea, anasoma faili, anairudishia kerneli. Mwaka 2012 udev ilibadilishwa namna inavyopanga kazi zake. Kukawa na madereva, hasa ya vifaa vya televisheni na video, yanayoomba fimwea wakati moduli bado inapakiwa: udev inasubiri moduli imalize kupakiwa, moduli inasubiri udev ilete fimwea. Kila mmoja anamtazama mwenzake hadi muda wa kusubiri uishe. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikataa kata kata hoja kwamba ni madereva yote yarekebishwe yamfuate udev. Suluhisho liliingia kwenye kerneli 3.7: kerneli inasoma faili yenyewe moja kwa moja kutoka `/lib/firmware`. Miaka miwili baadaye systemd 217 ikaondoa kabisa upakiaji wa fimwea kutoka udev, na hakuna aliyeumia.

Wi-Fi nayo ilipita njia hiyo. Sheria za masafa za kila nchi zililetwa na programu ya pembeni iitwayo CRDA. Isipokuwepo ulibaki na masharti ya jumla ya dunia nzima, bila chaneli kadhaa. Tangu 4.15 kerneli inasoma `regulatory.db` yenyewe, unachohitaji ni faili hilo na sahihi yake `regulatory.db.p7s` ndani ya `/lib/firmware`, kisha `iw reg set TZ`.

Mfano wa karibuni ninaoupenda zaidi ni sched_ext, iliyoingia 6.12 mwaka 2024. Inakuruhusu kuandika mpangaji wako wa michakato kwa BPF (msimbo mdogo unaokaguliwa kabla ya kuendeshwa ndani ya kerneli) na kuupakia ukiwa nje ya kerneli. Mchakato ulio tayari ukikaa sekunde 30 bila kupewa zamu, mlinzi wa kerneli anaufukuza mpangaji huo na kurudisha wa kawaida. Kerneli inamkaribisha mgeni hadi jikoni lakini ufunguo wa nyumba hautoki mkononi.

Urambo_Huru, Tabora

Niseme upande mwingine, maana hapa naona tunaelekea kudhani njia ya Linux ndiyo njia pekee ya haki.

FreeBSD na OpenBSD, mifumo endeshi huria isiyo Linux, wanaandika kerneli, maktaba ya C na programu za msingi kwenye hazina moja, na wanatoa toleo moja la vyote. Pale kerneli na programu zake ni jozi, na hakuna anayeona aibu. OpenBSD wamefika mbali zaidi: miito ya mfumo inakubaliwa tu ikitoka mahali panapojulikana, hasa ndani ya libc yao (ile maktaba ya C), na programu inayojaribu kuita kerneli kutoka kwingine inauawa. Hata wenye lugha ya Go, waliokuwa wanaita kerneli moja kwa moja, ilibidi wabadilishe wapitie libc. Kwa nini? Kwa sababu mshambuliaji aliyeingiza msimbo wake kwenye kumbukumbu anakosa mlango. Huo ni utegemezi wa makusudi wenye faida ya usalama inayopimika.

Linux inalipa gharama kwa ukarimu wake. Ahadi ya kutovunja programu za watumiaji maana yake ni kubeba mizigo ya kale. Muundo wa faili wa a.out ulipitwa na ELF katikati ya miaka ya 1990, lakini msimbo wake wa x86 uliondolewa mwaka 2022. Kila kilichoachwa humo ni sehemu ya kukaguliwa na ya kushambuliwa.

Kwa hiyo swali la mwenye uzi, kama inafaa kerneli itegemee, nalijibu hivi: inategemea nani anatoa toleo. Mkono ukiwa mmoja, utegemezi ni nidhamu. Mikono ikiwa mia, kama ilivyo Linux, utegemezi ni kumpa mmoja kati ya mia mamlaka ambayo wengine hawakumpa.

Ipuli_Kompyuta, Tabora

Mkuu wa Urambo, sentensi yako ya mwisho naiunga mkono. Ila hata huko BSD utegemezi una mwelekeo. Angalia utaratibu wa kupandisha FreeBSD kutoka kwenye chanzo: `buildworld`, `buildkernel`, `installkernel`, unawasha upya, ndipo `installworld`. Kerneli inatangulia. Sababu ni kwamba kerneli mpya inabeba chaguo za COMPAT na inaweza kuendesha programu za jana, lakini kerneli ya jana haijui miito mipya ya programu za leo. Ukigeuza utaratibu, programu zinaanza kufa na `Bad system call`, pengine pamoja na zile za kukusaidia kurekebisha. Kwa hiyo hata wanaotoa vyote pamoja hawaifanyi kerneli iisubiri programu.

Na hapa ndipo ulipozaliwa uvumi aliouleta mwenye uzi. Ni systemd inayoitegemea kerneli, si kinyume. Systemd inataka CONFIG_CGROUPS, DEVTMPFS, INOTIFY_USER, SIGNALFD, TIMERFD, EPOLL, UNIX, SYSFS, PROC_FS, FHANDLE. Mtu anakompaili kerneli yake, anazima CGROUPS ili ipungue, anaiweka kwenye Debian, mashine inasimama na `Failed to mount API filesystems`. Anaandika mtandaoni kwamba kerneli mpya haiwaki bila systemd. Ukweli ni kwamba kerneli iliwaka vizuri na kufikisha kijiti. Aliyekipokea ndiye aliyeanguka. Kerneli hiyohiyo, palepale, ukiiwasha na `init=/bin/sh` inakupa shell.

Utegemezi wa mwelekeo huo unazidi kukaza, nao ndio wa kuuangalia. Systemd 258 imeondoa kabisa cgroup (njia ya kerneli ya kupanga michakato kwenye makundi) toleo la kwanza. Maktaba ya C iitwayo glibc nayo ina kiwango chake cha chini: tangu 2.26 kiwango hicho ni kerneli 3.2, na kwa matoleo ya kabla ya 2.36 ukijaribu chini ya hapo inakukatalia na `FATAL: kernel too old` kabla programu yako haijatekeleza hata mstari mmoja. Kwa hiyo ukipanga kubaki na kerneli ya zamani kwa sababu kifaa fulani kina dereva wa zamani, kinachokubana ni programu za juu.

Nguruka_TZ, Kigoma

Swali la nyongeza. Nimewahi kusoma kwamba systemd ilitaka kuingizwa ndani ya kerneli yenyewe ikakataliwa. Ni kweli?

Ujiji_Seva, Kigoma

Si systemd yenyewe. Unachokisema ni kdbus, njia ya programu kuzungumza kama D-Bus (mfumo wa programu kutumiana ujumbe) lakini ikiwa ndani ya kerneli. Waandishi wake wengi walikuwa watu wa systemd. Waliituma kwa mapitio mwishoni mwa 2014, wakaomba iingizwe 2015 kwa ajili ya 4.1, ukazuka ubishi mkubwa na haikuingia. Hoja kubwa za waliopinga zilikuwa namna ilivyobeba taarifa za utambulisho na uwezo wa mtumaji, na kama kasi ndogo ya D-Bus ilitokana kweli na kukosa msaada wa kerneli au na uandishi wa programu yenyewe. Baadaye dbus-broker, D-Bus iliyoandikwa upya, ilionyesha kwamba kasi inapatikana ukiandika upya upande wa mtumiaji, kerneli isiguswe.

Lipo na la 2014, dogo lakini lina funzo. Neno `debug` kwenye mstari wa kuwashia lilikuwa likisomwa na kerneli na pia na systemd. Hitilafu ndani ya systemd ikaifanya imimine ujumbe kwenye kumbukumbu ya kerneli hadi mashine inashindwa kuwaka. Waliotaka kuchunguza kerneli ndio walioadhibiwa. Kerneli sasa ina breki: tangu 2016 kuna `printk.devkmsg`, na chaguo-msingi lake ni kupunguza mwendo wa programu za nje zinazoandika kule. Tena ni kipimo kilekile: haikuandikwa dhidi ya systemd kwa jina, inambana yeyote.

Mwalo_Kibirizi, Kigoma

Shukrani sana wakuu. QEMU imewaka kama ilivyoelezwa, na mabishano ya kwanza yamekwisha.

Tumehamia kwenye mashine halisi tukakwama kwenye Wi-Fi. Ni kidude cha USB cha Atheros AR9271. Dereva tumeiweka ndani ya kerneli, `=y`, tukidhani tunakwepa mambo ya moduli. `dmesg` inasema:

```
Direct firmware load for ath9k_htc/htc_9271-1.4.0.fw failed with error -2
```

Faili tumelinakili kutoka kompyuta yenye distro kubwa, liko kwenye `/data/firmware` ya diski. Hapa upande wa systemd umefufuka, wanasema si mnaona, bila udev haipakii.

Ujiji_Seva, Kigoma

Udev ingekuwepo ingeshindwa vilevile, hata kompyuta ile kubwa haitumii udev kwa kazi hiyo. Hapo kuna makosa mawili, na huenda lipo la tatu limejificha.

La kwanza ni njia. Kerneli inatafuta `/lib/firmware/updates/` ikifuatiwa na namba ya toleo, kisha `/lib/firmware/updates`, kisha `/lib/firmware/` na namba ya toleo, mwisho `/lib/firmware`. Haijui `/data`. Mnaweza kuongeza njia kwa `firmware_class.path=` kwenye mstari wa kuwashia, lakini hapo mnagonga kosa la pili: wakati. Dereva iliyo ndani ya kerneli inaomba fimwea mapema, kabla `/init` yenu haijapata nafasi ya kupachika diski yoyote. Namba -2 inasema tu faili halijaonekana *wakati ule*.

Dawa kwa mfumo wenu ni kuliweka ndani ya initramfs, `lib/firmware/ath9k_htc/htc_9271-1.4.0.fw`. Initramfs inafunguliwa kabla ya madereva kama hayo kuanza kuomba, na faili lenyewe ni kama kilobaiti 50, halitaumiza RAM. Njia ya pili ni `CONFIG_EXTRA_FIRMWARE`, fimwea inaingizwa ndani ya bzImage. Inafanya kazi, ila kila mkibadilisha fimwea mnakompaili upya, na mkigawa bzImage hiyo kwa wengine mjue mmegawa na fimwea yenye leseni yake.

Lililojificha: angalieni mwisho wa jina la faili mlilonakili. Distro nyingi siku hizi zinabana fimwea, faili linakuwa `.fw.xz` au `.fw.zst`. Kerneli yenu haitayafungua bila `CONFIG_FW_LOADER_COMPRESS` pamoja na chaguo la XZ au ZSTD, na kosa litakalotoka ni lilelile, -2. Kifungueni kwa `unzstd` au `unxz` kabla ya kukifunga kwenye picha. Wekeni na `regulatory.db` na sahihi yake, vinginevyo kosa linalofuata ni la cfg80211 (sehemu ya kerneli inayosimamia Wi-Fi).

Dereva kubaki `=y` ni uamuzi mzuri kwa mashine ambazo vifaa vyake vinajulikana. Kama mialo mingine itakuwa na vidude tofauti, rudini kwenye moduli, na kazi ya udev ya kuzipakia ifanywe na mstari huu ndani ya `/init`, baada ya kupachika `/sys`:

```
find /sys/devices -name modalias -exec cat {} + \
  | sort -u | xargs -n1 modprobe -q
```

Urudieni mara mbili, kwa sababu kupakia moduli ya kidhibiti cha USB ndiko kunakofanya vifaa vilivyo nyuma yake vionekane. Mstari huo unapakia moduli za vilivyochomekwa tayari; kwa vinavyochomekwa baadaye BusyBox ya karibuni ina `mdev -d`, inayosikiliza matangazo ya kerneli.

Ipuli_Kompyuta, Tabora

Niongeze mawili kabla hamjapeleka mzigo Kibirizi.

`exec /bin/sh` ya mwisho ilikuwa ya jaribio. Kwenye mwalo mtu akigusa kibodi na kuandika `exit`, mashine inakufa. Badilisheni iwe `exec /sbin/init` ya BusyBox, na `/etc/inittab` yenye mistari kama hii:

```
::sysinit:/etc/rc
::respawn:/usr/bin/mizani
::ctrlaltdel:/sbin/reboot
```

BusyBox inazika yatima yenyewe, na programu ya mizani ikianguka inainuliwa tena. Ongezeni pia `panic=10` kwenye mstari wa kuwashia ili kerneli ikisimama ijiwashe baada ya sekunde 10, badala ya kungoja mtu atoke mjini.

La pili ni data. Diski pachikeni ext4 kwa `noatime,errors=remount-ro`. Kila rekodi programu iiandike mwisho wa faili kisha iite `fsync` (agizo la kulazimisha data ifike kwenye diski) kabla ya kuonyesha kwenye kioo kwamba imehifadhiwa. Mkibadilisha faili zima, andikeni jipya pembeni, `fsync`, halafu `rename` juu ya la zamani. Kisha jaribuni kwa kuchomoa waya wa umeme huku mizani ikiandika, mara nyingi, na mlinganishe rekodi ya mwisho iliyoonyeshwa kwenye kioo na iliyomo kwenye diski.